Minazi na Mimea ya Jangwani Huko Migori na Homa Bay: Namna ya Kuikinga na Masika

Mtu wa Pwani akihamishwa kikazi kwenda bara, au akifungua duka Migori, Rongo au Mbita, aghalabu hubeba kitu cha nyumbani. Mmoja huchukua nazi iliyochipua, mwingine chungu cha waridi la jangwani lililokuwa barazani kwa mamake, mwingine kipande cha mshubiri. Mwaka wa kwanza mmea hunawiri. Mwaka wa pili, masika yakiisha, jani la katikati la mnazi lang'oka mkononi likinuka, na shina la waridi ukilibonyeza kidole chaingia kama kwenye ndizi iliyooza. Kauli inayosikika ni ile ile: "Huku ni baridi, mimea yetu haikubali."

Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Baridi hudhoofisha mmea, lakini kinachouua kwa kawaida ni maji yaliyotuama kwenye mizizi au kwenye kilele. Nyanda za Kanada zina aina ya mpungate inayoota porini na kulala chini ya theluji kila mwaka. Mpungate huo huo ukipandwa kwenye udongo wenye maji huoza. Kwa hivyo anayetaka kuhifadhi mmea wake Migori au Homa Bay aanze na maji, kisha ndipo ashughulikie baridi.

Hali ya hewa ilivyo

Ziwa Victoria liko mita 1,135 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kanuni ya kawaida, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 na nusu hivi za sentigredi. Maana yake ni kwamba hata ukiwa ufuoni Homa Bay, umeshapoteza nyuzi kadhaa ukilinganisha na Mombasa. Rongo, Awendo na Kuria ziko juu zaidi ya ziwa, na usiku wake ni wa baridi zaidi. Ziwa lenyewe husaidia walio karibu nalo, kwani maji mengi hutunza joto la mchana na kulitoa usiku. Ndiyo maana mmea ulioshindwa Kuria waweza kuishi Mbita.

Mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na nyingine huja kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba. Juni na Julai, wakati ule sisi twauita kipupwe, usiku huwa wa baridi na udongo bado una maji ya masika. Hiyo ndiyo miezi ya hatari, kwa sababu mzizi uliopoa hunywa maji kidogo, na yale usiyoyanywa hubaki yameuzunguka. Pande zinazopakana na milima ya Kisii hupata pia mvua ya mawe, ambayo huchana majani na kuacha vidonda.

Mwambao wa Homa Bay hauko sawa wote. Rusinga na Mbita ni pakavu na pana mawe mengi kuliko Rongo. Anayeishi huko ana kazi ndogo zaidi kwa mishubiri na waridi, ila mnazi wake utahitaji kumwagiliwa wakati wa kiangazi.

Udongo ndio tofauti kubwa

Si kwamba Pwani hakunyeshi. Mwezi wa Mei Mombasa hunyeshewa sana, na minazi haiozi. Sababu ni mchanga na mawe ya matumbawe, ambayo maji hupita na kwenda zake. Sehemu nyingi za Homa Bay na Migori, hasa mabondeni kama Lambwe, zina udongo mzito mweusi, ule uitwao udongo wa pamba. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono, ukilowa huvimba na kuziba. Maji yakiingia hayana pa kutokea, hewa hukosekana, na mzizi hufa kwa kukosa pumzi kabla ya ukungu kuja kuumaliza.

Kabla ya kupanda, pima. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande, ujaze maji, uyaache yaishe, kisha ujaze tena. Ukiamka asubuhi ukakuta maji bado yamo, hapo pasipandwe mnazi wala mmea wa jangwani bila tuta.

Pia angalia ziwa. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda na kuvuka rekodi ya 1964, na mashamba ya ufuoni yakaingiwa na maji. Mti utakaokaa miaka 50 usipandwe mahali ambapo ziwa lilishafika.

Minazi na jamaa zake: upi upandwe wapi

Mnazi hupenda wastani wa joto wa nyuzi 27 hivi. Ufuoni mwa ziwa waweza kusimama na kukua, lakini kwa mwendo wa polepole, na mavuno yasitarajiwe kuwa kama ya Kilifi au Kwale. Upande mahali penye joto la ukuta na maji yanayopita.

Mtende huvumilia baridi kuliko mnazi. Tatizo lake ni mvua kwenye maua na matunda. Mtende huzaa vizuri palipo pakavu na pa joto, kama Turkana, Wajir, Mandera na Garissa. Migori utakuwa mti wa pambo, na tende zake zikitoka zitachacha mtini.

Mkindu, ule tunaosukia mikeka, ni mwenyeji wa kingo za mito na mabwawa. Kama uwanja wako una sehemu isiyokauka, huo ndio mti wa kupanda hapo.

Mvumo huvumilia mafuriko ya msimu, lakini mzizi wake wa kwanza huenda chini sana na haupendi kuhamishwa. Panda mbegu pale pale utakapokaa.

Mchikichi una habari ya kutia moyo. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitangaza kwamba michikichi chotara inayovumilia baridi ilikuwa imeanza kuzaa magharibi mwa Kenya. Mbegu zililetwa kutoka Costa Rica, lakini asili ya uvumilivu wake ilikuwa ni Afrika: nyanda za juu za Bamenda nchini Kameruni, na Kigoma nchini Tanzania. Mti uliozoea baridi kwa vizazi hauhitaji blanketi. Anayetaka mti wa jamii ya mnazi wenye kuzaa katika nchi ya ziwa aulizie aina hizo kabla ya kusafirisha nazi kutoka Mtwapa.

Kupanda juu badala ya kupanda chini

Hapa ndipo mazoea yetu hutuponza. Pwani twachimba shimo refu, twaweka mche chini ya usawa wa ardhi, na twaacha kibonde ili maji yakusanyike na mti ushike mchangani. Shimo hilo likichimbwa kwenye udongo mweusi wa Migori huwa birika. Ukilijaza mchanga na samadi ni vibaya zaidi, kwa sababu maji ya uwanja mzima huteremka kwenye sehemu hiyo laini na kubaki.

Jenga tuta. Liwe na kimo cha sentimita 40 hadi 50 na upana wa mita 2, lenye udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri. Usichanganye mchanga kidogo na udongo mzito ukidhani umeupunguza uzito. Mchanganyiko huo ukikauka huwa kama saruji. Samadi na majani yaliyooza hufungua udongo vizuri zaidi. Panda mche juu ya tuta, nazi ikiwa imefukiwa nusu tu, na chimba mtaro kulizunguka unaotoa maji nje kabisa. Huu si uzushi. Kuttanad, jimbo la Kerala nchini India, ambako mashamba mengi yako chini ya usawa wa bahari, minazi hupandwa juu ya matuta na hustawi.

Chagua upande wa kaskazini wa nyumba. Migori na Homa Bay ziko kusini kidogo mwa ikweta, na mwezi wa Juni jua huwa upande wa kaskazini. Ukuta huo hupata jua mchana na kutoa joto usiku, tena hukinga mti na upepo wa kusi. Lakini hakikisha maji ya mabati hayaangukii hapo. Paa la nyumba ndogo wakati wa masika hutiririsha mapipa mengi ya maji kwa siku moja.

Kuhusu chumvi: wako wanaomwaga chumvi kwenye shina la mnazi wa bara ili "uone bahari." Jambo hilo lina msingi, kwani mnazi huhitaji klorini, na Ufilipino wakulima wa mbali na pwani hushauriwa kutia chumvi. Ila kwenye udongo mzito chumvi huharibu udongo na kuufanya uzibe zaidi, tena huua mimea ya jirani. Jivu la kuni, kwa kiasi, lafaa zaidi kwa kuwa lina potasiamu, ambayo huupa mti nguvu ya kustahimili baridi na maradhi.

Linda shaha

Mnazi una kichwa kimoja tu. Shaha likioza, mti umekwisha, hata kama mizizi ni mizima. Mwembe ukikatwa hutoa matawi mapya, mnazi hautoi. Kwa hivyo:

- Usimwagilie maji kileleni mwa mche. Mwaga kwenye udongo.
- Usikate makuti mabichi wakati wa mvua. Kila kidonda ni mlango wa ukungu. Kata yaliyokauka tu, wakati wa kiangazi.
- Nyasi na makuti ya kufunika udongo yakae mbali na shina, umbali wa shibri mbili.
- Chunguza tundu za chonga. Mdudu huyo hutoboa kilele, na mvua huingia palipotobolewa.

Mche mdogo waweza kujengewa kibanda cha muda mwezi wa Aprili na Mei: miti minne na kipande cha nailoni juu, pande zote zikiwa wazi ili upepo upite. Usiufunge mti wote kwa nailoni kama mzigo. Jua likitoka saa sita mchana joto hupanda ndani, unyevu hubaki, na mche hupikika. Hata Ulaya, wenye kukuza mitende ya baridi nje hukinga kilele kisiingie mvua na huacha hewa ipite.

Jani la katikati, lile lililosimama kama mkuki, ndilo la kutazamwa kila wiki. Likigeuka rangi na kulegea ilhali mengine ni mabichi, livute polepole. Likitoka na harufu mbaya, kuoza kumeanza. Safisha uozo wote kwa kisu kilichochemshwa, acha kilele kikauke chini ya kibanda, na tumia dawa ya ukungu yenye shaba kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Baadhi ya miche hupona na kutoa jani jipya baada ya miezi. Usiopona ung'olewe na kuchomwa, usiachwe shambani kuambukiza mingine.

Mimea ya jangwani

Waridi la jangwani, mshubiri, mpungate na mkonge huhifadhi maji ndani ya shina au jani. Mmea wenye akiba yake hauhitaji kupewa maji wakati wa baridi, nao ukipewa hauna pa kuyaweka. Kanuni ya kwanza ni hii: mvua zikianza, acha kumwagilia kabisa.

Kanuni ya pili ni kutazama wenyeji. Homa Bay ina mishubiri yake, ambayo Waluo huiita ogaka, na mnyaa wa ua wanaouita ojuok. Tazama ogaka inapoota porini: miinukoni, kati ya mawe, mahali maji hayakai hata saa moja. Iga mahali hapo. Rundo la mawe na changarawe lenye kimo cha goti litaufaa mshubiri wako kuliko kitalu chenye mbolea. Lakini usiing'oe mishubiri ya mlimani. Isipokuwa mshubiri wa kawaida wa dawa, Aloe vera, mishubiri yote iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini.

Mmea wa chungu ni rahisi zaidi kuokoa, kwa kuwa unahamishika. Tumia chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kama vya wafinyanzi wa Kiluo, kwani hupumua na kukauka upesi kuliko ndoo ya plastiki. Kiwe na tundu chini. Jaza sehemu mbili za changarawe au mchanga mkubwa wa mto na sehemu moja ya udongo wenye samadi iliyooza. Usiweke tabaka la kokoto chini ukidhani maji yatashuka. Maji husimama pale udongo unapokutana na kokoto, na mizizi hukaa majini vile vile. Changanya changarawe kwenye udongo wote, kisha inua chungu juu ya mawe matatu, na usikiweke ndani ya sahani.

Kuanzia mwisho wa Machi ingiza vyungu barazani, chini ya paa lakini panapofika jua la asubuhi. Ukivificha chumbani gizani, mmea hurefuka, hupauka na kudhoofika.

Kila Jumamosi bonyeza shina kwa kidole gumba. Shina gumu ni salama. Shina lililonywea kidogo lakini gumu lina kiu tu, liache. Shina laini linaloteleza linaoza, na hapo kila siku ina thamani. Ng'oa mmea, osha mizizi, kata uozo mpaka ufike kwenye nyama safi isiyo na doa, ukisafisha kisu kila mkato. Uning'inize kivulini siku 7 hadi 14 mpaka kidonda kikauke. Kisha upande kwenye mchanga mkavu na ungoje wiki nyingine kabla ya tone la kwanza la maji.

Tahadhari: utomvu wa waridi la jangwani ni sumu, na katika Afrika ulitumika kwenye mishale ya kuwindia. Utomvu wa mnyaa huunguza macho. Vaa glavu, nawa mikono, na watoto wasisogee. Vipande vya mpungate visitupwe vichakani, kwani kila kipande hutoa mizizi. Laikipia inahangaika na mipungate iliyovamia malisho kwa namna hiyo.

Kalenda ya mwaka

Januari na Februari: jenga matuta, zibua mitaro, kata makuti makavu, badilisha udongo wa vyungu.

Machi: ingiza vyungu barazani na usimamishe vibanda vya miche. Sikiliza utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa.

Aprili na Mei: usimwagilie, usikate, usitie samadi mbichi. Kagua mitaro baada ya kila mvua kubwa.

Juni na Julai: vyungu vibaki chini ya paa. Kagua jani la katikati na mashina kila wiki.

Agosti na Septemba: toa vyungu juani taratibu, anza kumwagilia kidogo. Pwani twapanda masika yakianza, lakini kwenye udongo mzito wa huku ni salama zaidi kupanda miche wakati huu, ipate miezi ya kushika kabla ya masika.

Oktoba hadi Desemba: mvua hizi kwa kawaida si kali kama za masika. Mwaka wa El Nino, kama 1997 na 2023, zichukuliwe kuwa masika ya pili na vyungu virudi barazani.

Kabla ya kununua miche

Pwani mnazi ni mali. Hurithishwa, huwekwa rehani, na shamba laweza kuwa la mmoja na minazi ikawa ya mwingine. Heshima hiyo ndiyo humfanya mtu wetu aliye Migori apande mnazi mtoto anapozaliwa. Apande, kwenye tuta, kaskazini mwa nyumba, na autunze.

Lakini kumwuzia jirani miche 100 kwa ahadi ya nazi za kuuza ni jambo jingine. Miaka ya kungoja ni mingi, joto ni pungufu, na akikosa mavuno amepoteza ardhi na ada ya shule. Mwambie ukweli: mnazi wa huku ni wa kivuli na kumbukumbu. Akitaka mti wa kumlisha, ile michikichi ya asili ya Bamenda na Kigoma ndiyo ya kuulizia kwanza.